Barua ya wazi kwa wakubwa wa njia ya Tunduma: mnunuzi nimwandikie tarehe gani?

Kwa Waheshimiwa Mawaziri wa Uchukuzi, Ujenzi na Fedha wa Tanzania, wenzenu wa Zambia na Kongo, na wakuu wote wa forodha, mizani, reli na bandari,

Shikamooni.

Nawaandikia kutoka Tunduma. Mimi ni wakala wa forodha, huu mwaka wa kumi na sita, na kazi yangu ukiiondolea mihuri na makaratasi linabaki jambo moja: kumwambia mtu aliye ng'ambo mzigo wake utafika lini. Mzigo wenyewe ni metali. Zaidi ni shaba ya Kolwezi na Likasi kule Kongo, na ya ukanda wa shaba wa Zambia. Kuna kobalti, pale Kongo wanaporuhusu itoke. Na kuna aloi za manganizi kutoka Kabwe, yaani feromanganizi na silikomanganizi, zile zinazotiwa kwenye tanuri ili chuma kiwe kigumu. Vyote hivyo vinapita mbele ya dirisha langu vikielekea bandari ya Dar es Salaam.

Kila siku saa kumi jioni nafungua kompyuta, naandika tarehe ya kufika, natuma. Na karibu kila siku najua kwamba ile tarehe nimeiokota tu. Sidanganyi kwa kupenda. Sina namna ya kujua, na hilo ndilo lililonikalisha chini kuandika barua hii.

Kwenye mikutano na wadau mmekuwa mkitueleza kwamba wastani wa siku za safari umepungua. Sibishi. Kituo cha pamoja cha mpakani hapa Tunduma na Nakonde kimesaidia. Tuliokuwepo zamani tunakumbuka gari lilivyokuwa linakaguliwa na nchi moja, likisogea hatua chache likaguliwe upya na nchi ya pili, kana kwamba shaba inaweza kugeuka viazi katikati ya mpaka. Lakini wastani, waheshimiwa, haununui meli. Nikiwa na magari mawili, moja likatumia siku 8 na jingine siku 28, wastani wangu ni 18 na hakuna gari hata moja lililofika siku ya 18. Daladala linalopita kila baada ya nusu saa unaweza kulipangia maisha. Lile linalopita linapojisikia ndilo linalokufukuzisha kazi, hata kama kuna siku linawahi.

Wanunuzi wetu wangekubali njia ya siku 20. Wameshaniambia hivyo, tena zaidi ya mmoja. Wanachokataa ni kutojua.

Niwaeleze wanavyohesabu, maana nadhani wengi wenu hamjawahi kukaa upande huo wa meza. Shaba safi, yale mabamba ambayo kwenye karatasi huitwa kathodi, haiuzwi kwa bei ya kuelewana kama gunia la mpunga. Mikataba mingi inafuata bei ya Soko la Metali la London, na mara nyingi bei inayotumika ni wastani wa mwezi unaofuata ule wa kupakia melini. Kinachoamua mwezi ni tarehe iliyo kwenye bili ya shehena, ile hati inayotolewa mzigo ukipakiwa melini. Mzigo ukipanda meli tarehe 31 unapata mwezi mmoja. Ukipanda tarehe 1, mwezi mwingine kabisa. Mei 2024 bei ilipita dola 11,000 kwa tani, kisha ikashuka tena ndani ya wiki chache. Kwa hiyo gari likichelewa siku mbili pale ambapo siku mbili zinavuka mwisho wa mwezi, mtu anaweza kupoteza au kuokota fedha nyingi bila mtu yeyote kuwa ameamua lolote. Ni bahati nasibu, na tiketi tumenunua sisi.

Kisha kuna gharama ya kusimama tu. Gari moja la shaba linabeba tani 30 hivi. Kwa dola 10,000 kwa tani, hiyo ni dola 300,000 zimekaa juu ya matairi. Kama mwenye mali amekopa benki kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, kila siku gari hilo likilala hapa anapoteza kama dola 80, kabla hujahesabu maegesho, posho ya dereva na tajiri wa gari anayepiga simu kila asubuhi. Msafara wa magari kumi ni dola 800 kwa siku.

Kwenye aloi hali ni mbaya zaidi, ingawa watu hudhani kinyume. Bei ya silikomanganizi kwa tani ni ndogo sana ukiilinganisha na shaba, kwa hiyo nauli na dimareji, yaani tozo ya kucheleweshwa, zinakula sehemu kubwa ya faida upesi. Tena ile aloi husafiri kwa mawe ya ukubwa uliopangwa, ndani ya mifuko ya jumbo. Kila ikishushwa na kupakiwa upya, mawe yanasagana, unga unaongezeka, na mnunuzi anakata bei kwa sababu ya unga. Mwenye tanuri la chuma naye hawezi kusubiri: bila manganizi hapati ubora wa chuma aliouahidi, basi anainua simu na kununua kwingine. Mteja wa aina hiyo akiondoka harudi kukusalimia.

Sasa twende barabarani.

Gari la shaba lina kitu kinachowashangaza wageni: linaonekana tupu. Shaba ni nzito kiasi kwamba tani 30 hazifikishi mita za ujazo 4. Unakuta tela refu la ekseli tatu na juu yake mabando kumi na mbili au kumi na matatu ya mabamba yaliyofungwa kwa mikanda ya chuma, kimo chake hakizidi goti, kila bando lina tani mbili na nusu hivi, kisha turubai limelala bapa juu yake. Watoto wa Tunduma wanajua. Gari lenye turubai lililolala bapa na matairi yaliyobonyea, hilo ni la shaba.

Kwa sababu uzito umekusanyika mahali padogo, bando likisogea kidogo tu, ekseli inahisi. Na kutoka hapa hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900, kuna mizani Mpemba, kuna Makambako, kuna Mikese, kuna Vigwaza, na nyingine katikati. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, tuliyoanza kuitumia nchini Machi 2019, inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima na inavumilia asilimia 5 kwenye ekseli. Ni sheria nzuri. Barabara ni zetu, na mimi ni miongoni mwa wanaozikanyaga. Shida yangu ni pale sheria mbili nzuri zinapokutana kwenye gari moja na kila moja ikashika upande wake.

Mwaka juzi wakati wa masika gari letu moja lilikuwa linateremka mlima. Dereva ni mtu wa Kyela, mtaratibu, hanywi, amefanya kazi nasi miaka mingi. Mbele yake lori la mafuta lilikwama kwenye kona, akalazimika kushika breki kwa nguvu. Hakugonga mtu. Lakini mabando mawili yaliteleza mbele kiasi cha shubiri mbili. Alipofika kwenye mizani inayofuata, ambayo sitaitaja, uzito wa jumla ulikuwa sawa, ila ekseli za kichwa zilikuwa zimezidi hata ule uvumilivu. Mpimaji alimjibu vizuri, kwa adabu: baba, panga upya mzigo, urudi upime.

Kupanga upya mzigo ni lazima ufungue turubai. Turubai limefungwa kwa kamba, na kamba imepigwa sili ya forodha. Ukikata sili bila afisa wa forodha umefanya kosa, na mzigo wa thamani ile hakuna atakayekusikiliza. Wataanza kukuuliza bando la kumi na nne liko wapi. Kwa hiyo mizani inasema gusa, sili inasema usiguse. Dereva akanipigia: "Dada, hapa nimesimama kama nguzo ya umeme."

Ilikuwa Ijumaa saa kumi. Afisa wa forodha alikuwa mji mwingine, mwendo wa saa mbili, na hawezi kutoka bila barua ya mkubwa wake, na mkubwa wake alikuwa safarini. Jumatatu barua ikapatikana, afisa akaja. Sasa tunahitaji winchi au foklifti ya kuinua bando. Pale kwenye mizani hakuna. Tukakodi moja ya mfanyabiashara wa mbao, ikaja polepole kama harusi, ikajaribu, ikashindwa: uwezo wake ni tani mbili, bando lina mbili na nusu. Matairi ya nyuma yalinyanyuka yenyewe. Jumanne tukapata kubwa zaidi. Kazi yenyewe, kusogeza mabando mawili nyuma shubiri mbili, ilichukua dakika arobaini.

Na haikuishia pale. Sili mpya ina namba mpya. Afisa aliiandika kwenye karatasi, akagonga muhuri, lakini kwenye mfumo ikabaki ile ya zamani. Gari likafika Dar es Salaam, getini wakasoma namba ya kwenye sili, wakasoma namba ya kwenye kompyuta, hazifanani. Siku mbili nyingine. Meli tuliyoipangia ilishafunga kupokea mzigo. Tuliyopata baadaye ilipakia tarehe 3 ya mwezi uliofuata, yaani bei ikahamia mwezi mwingine. Mnunuzi hakugombana. Aliandika mstari mmoja wa heshima kwamba mzigo wa robo mwaka ijayo watauchukua Chile.

Nimeirefusha hadithi hii makusudi. Ukiitazama, hakuna aliyekosa. Mpimaji alifuata sheria, afisa alifuata taratibu, mlinzi wa geti alifanya kazi yake, dereva aliokoa maisha ya watu. Siku saba zilimezwa na nafasi iliyo katikati ya ofisi zenu, na nafasi hiyo haina bosi.

Ninachoomba hapa ni kidogo mpaka naona aibu kukiandika kwa mawaziri: kwenye mizani kubwa za njia hii awepo afisa wa forodha mwenye sili na mamlaka ya kubadili namba kwenye mfumo palepale, usiku na mchana, na iwepo foklifti ya tani tano. Tutalipia. Tunalipia vitu vingi visivyo na faida kuliko hicho.

Jambo la pili wengi hawalioni kwa sababu linaanzia upande wa pili. Mnapozungumzia foleni ya Tunduma, mnazungumzia magari yanayopanda, yale yanayotoka bandarini kwenda Zambia na Kongo. Mtu anaweza kusema hayo ni ya waagizaji, shaba inateremka, yanaihusu nini? Yanaihusu sana. Gari linalopanda na salfa ndilo linaloteremka na shaba. Kiwanda cha Kolwezi kinahitaji salfa kutengeneza asidi ya kuyeyushia mawe yenye shaba. Gari likishusha salfa linasafishwa, linapakia mabando, linageuka. Kwa hiyo foleni ya leo inayofika Mpemba ni shaba ambayo mwezi ujao itakosa gari. Mgodi unakuwa na mabamba yamejaa uani na hakuna wa kuyabeba, nauli inapanda, halafu magari yakija yanakuja kwa mkupuo, yote yanateremka pamoja, na bandari kavu zinalia. Wimbi moja la Tunduma linarudi kutupiga mara tatu.

Vivyo hivyo bondi. Kila mzigo wa kupita nchi kavu una dhamana, na dhamana ya wakala ina kikomo. Mzigo ukishatoka nchini bondi inafutwa, nafasi inapatikana kwa gari lingine. Kufuta kukichelewa, bondi inajaa, na gari ambalo halina kosa lolote linazuiwa mpakani kwa sababu ya mzigo ulioondoka na meli wiki mbili zilizopita. Mfumo ungeweza kufuta wenyewe mara meli inapothibitisha kupakia. Badala yake tunabembeleza kwa simu.

Sasa niseme kuhusu nyaraka za ghafla, na hapa nawaomba mnivumilie.

Agosti 2024 Zambia ilifunga mipaka yake na Kongo, Kasumbalesa, Mokambo na Sakania, baada ya Kongo kuzuia soda na bia kutoka nje. Kwa siku chache shaba ya mabilioni ilisimama kwa ugomvi wa vinywaji. Februari 2025 Kongo ilisimamisha kuuza kobalti nje ya nchi kwa miezi minne, ikaongeza mitatu, kisha Oktoba ikaleta utaratibu wa mgawo. Mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa hapa kwetu kwa siku kadhaa. Sizungumzii siasa, nazungumzia kwamba karatasi zote za mzigo siku hizi ziko mtandaoni, na bila mtandao hata namba ya sili sina pa kuisoma. Na nani Mtanzania asiyejua neno makinikia, ule mchanga wenye madini, tangu Machi 2017, na yale makontena 277 yaliyozuiwa bandarini?

Serikali ina haki ya kuamua. Kongo inataka bei nzuri ya kobalti yake, na ningekuwa Mkongo ningetaka hivyohivyo. Ombi langu ni moja: gari lililokwisha kupakiwa lipite kwa sheria ya siku lilipopakiwa. Mnaposaini waraka Jumatatu uanze kutumika Jumatatu, mnamkuta mtu yuko Mpika, katikati ya Zambia, hana pa kurudi wala pa kwenda. Wapeni walio njiani siku 14. Serikali haitapoteza kitu, na sisi tutaacha kuogopa kila barua yenye nembo.

Mengine hayako mikononi mwenu, na sitawabebesha. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi zimeikimbia Bahari ya Shamu kwa mashambulizi, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, na mzigo wa Ulaya ukaongezewa wiki moja au mbili. Kampuni za meli zinaruka bandari zikiona zimechelewa. Makontena matupu yanaadimika. Kontena la futi 20 la shaba linajaa kwa uzito wakati nafasi kubwa ndani yake bado ni tupu, na kuna meli hazitaki uzito huo. Mvua za Machi hamjazileta ninyi. Wala mzigo wa Kongo kupimwa mionzi si ukorofi wa mtu: mawe ya kule yanaweza kuwa na urani, na mwaka 2018 mgodi mmoja mkubwa karibu na Kolwezi ulisimamisha kuuza kobalti nje kwa sababu hiyo hiyo. Pimeni. Ila mtuambie kipimo kinachukua saa ngapi, kisha kichukue saa hizo.

Upande wa bandari naona tofauti. Tangu 2024 waendeshaji wapya wameingia kwenye magati, na meli hazikai nangani kama zamani. Nasifu panapostahili. Lakini gati likiwa na mwendo na geti likabaki na daftari, mwendo wote unaishia getini.

Nije kwenye reli. Kila mkutano lazima ainuke mtu mwenye tai aseme shaba ihamie SGR, ile reli mpya ya kisasa. Ndugu zangu, SGR haiendi Zambia. Reli ya shaba ni TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa mwaka 1976, na upana wake wa milimita 1,067 ni uleule wa reli za Zambia, hivyo behewa linaweza kuteremka kutoka migodini bila kuhamisha mzigo hata mara moja. Hakuna sili ya kubadili, hakuna mabando ya kuteleza kwenye mlima Kitonga. Ilijengwa ibebe mamilioni ya tani kwa mwaka, na kwa miaka mingi imebeba kipande kidogo tu cha hizo kwa kukosa vichwa vya treni na matengenezo. Mwaka 2025 mlisaini na kampuni ya Kichina ya CCECC mkataba wa miaka 30, dola bilioni 1.4, wa kuifufua. Nilifurahi. Baba yangu aliwahi kufanya kazi kwenye stesheni ya reli hiyo, na sisi watoto tulikuwa tunarekebisha saa ya ukutani kwa honi ya treni. Siku hizi ukirekebisha saa kwa treni utakula daku mchana.

Swali langu ni la miaka mitatu ya ujenzi. Reli ikiwa inang'olewa na kutandikwa, tani zake zitakwenda wapi? Zitakuja barabarani, kwenye foleni hii hii, wakati pale Mbeya nako barabara ya njia nne inajengwa. Sijaona popote mpango wa kipindi hicho. Kama upo, ubandikeni tuusome.

Na msisahau kwamba wenye migodi wana mlango mwingine. Mwishoni mwa 2023 treni ya majaribio yenye takriban tani 1,100 za makinikia kutoka mgodi wa Kamoa-Kakula, kule Kolwezi, ilifika bandari ya Lobito nchini Angola kwa siku 8. Sisemi Lobito imetushinda. Uwezo wake bado ni mdogo, na wanunuzi wa Asia bado wanaitazama Bahari ya Hindi. Nasema tu kwamba mnunuzi aliposoma siku 8, hakuuliza kama ni wastani.

Haitakuwa haki nikiwasema ninyi nikajisitiri sisi. Wapo mawakala wanaokusanya hati gari likiwa tayari getini, halafu wanalalamika mfumo umegoma. Wapo matajiri wanaotoa gari lenye kipara kwenye matairi manne wakisema litafika tu. Wapo madereva wanaosimama Ruaha Mbuyuni kununua kitunguu, na kitunguu hicho kinachukua siku nzima. Na mimi mwenyewe nimewahi kukosea tarakimu moja kwenye namba ya tela, 8 nikaandika 3, magari mawili yakalala hapa siku tatu kwa mkono wangu. Nililipa posho za madereva mfukoni mwangu na sijasahau.

Lakini sisi tukikosea tunajulikana. Ofisi ikichelewesha, saa hazina mwenyewe. Ndiyo maana ombi langu kubwa kuliko yote halihitaji mkopo wala mkandarasi. Kila asubuhi, kila kituo cha njia hii, Kasumbalesa, Nakonde, Tunduma, kila mizani, kila bandari kavu, kitangaze saa za jana: gari lililopita haraka kuliko yote lilitumia muda gani, na lililokaa kuliko yote lilikaa muda gani, na kwa nini. Msitupe wastani. Tupeni la mwisho kwenye foleni, maana hilo ndilo ninalopaswa kumwandikia mnunuzi. Takwimu mnazo, kila gari likiingia na kutoka linasomwa kwenye kompyuta zenu. Kwa sasa ofisi ya takwimu ya ushoroba huu ni magrupu ya WhatsApp ya madereva. Tunaamka tunasikiliza sauti za watu walioko Kasumbalesa na usingizi wao, wanakohoa, wanataja foleni imefika kwenye mti gani. Kwa kweli wako sahihi kuliko taarifa nyingi ninazozisoma, ila siwezi kuambatanisha mti kwenye barua ya mnunuzi.

Leo ninapoandika, magari yetu manne yenye silikomanganizi yako Nakonde, siku ya nne. Kutoka dirisha la ofisi hazifiki kilomita mbili. Usiku naona taa zake. Nimeuliza, nimeambiwa nisubiri. Nimeuliza nisubiri hadi lini, nimeambiwa tu nisubiri. Dereva mmoja amewasha jiko chini ya tela, anapika maharage, na maharage mtu hapiki kama anategemea kuondoka leo. Meli inafunga kupokea mzigo Alhamisi. Mnunuzi yuko Mumbai, ameandika mara mbili tangu asubuhi, na sasa ni saa tisa na nusu.

Nimebakiza nusu saa. Nimwandikie tarehe gani?

Wenu katika kazi,
Wakala wa forodha,
Tunduma, Songwe